Mtakatifu Hilda, Mama wa Walimu

Katika kitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za maaskofu, mapadre, makanisa na skuli za dayosisi yetu. Ni haki kuzikumbuka. Lakini yafaa pia tuwakumbuke watakatifu wa zamani, tusije tukadhani kwamba Kanisa lilianza siku lilipofika kwetu. Mimi nimemchagua Hilda, Mama Mkuu wa watawa wa Whitby katika nchi ya Uingereza, aliyezaliwa mwaka 614 akafariki mwaka 680. Huenda mtu akauliza: mwanamke wa Kizungu, aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ana nini na watu wa Pemba? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu. Ila jibu langu laanzia ndani ya mashua.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika skuli moja ya kisiwa hiki, darasani mwangu alikuwamo mtoto wa mvuvi. Hakuinua mkono wake hata siku moja. Nikimwuliza neno, aliinamisha kichwa. Wenziwe wakacheka, nami sikuwakataza. Baada ya miezi michache akaacha kuja, wala mimi sikwenda kwao kuuliza sababu. Miaka mingi ikapita. Siku moja nilikuwa navuka kutoka Mkoani kwenda Makoongwe, kile kisiwa kidogo kilichoikabili bandari, na aliyeshika usukani alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza, akaniamkia, "Shikamoo, maalim." Nikaitika. Tulipokuwa katikati ya maji, mzee mmoja akamwuliza kama ataweza kurudi jioni na mzigo. Basi yule kijana akaeleza: leo mwezi una siku ngapi, maji yatajaa saa gani, kesho yatachelewa kadiri gani, zimesalia siku ngapi hata bamvua, na siku zipi mashua yenye mzigo itakwama pwani. Yote hayo aliyasema bila karatasi wala kalamu, kama mtu atajaye majina ya nduguze.

Nikatahayari mno. Mtoto niliyemdhani mjinga alikuwa na hesabu kichwani mwake, tena hesabu ambazo mwalimu wake hakuzijua. Kosa halikuwa lake. Mimi sikumwuliza lile alilolijua. Tangu siku ile kila nisomapo habari za Mtakatifu Hilda huona haya, tena hupata matumaini. Na wasomaji watafahamu sababu yake watakapofika katika habari ya mchunga ng'ombe.

I. NCHI YAKE NA NYAKATI ZAKE

Habari za Hilda tumezipata kwa Mtakatifu Bede, padre na mtawa wa Jarrow, aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Hilda alipofariki, Bede alikuwa mtoto mdogo. Walakini aliwajua watu waliomjua, kama tutakavyoona.

Zamani zile Uingereza haikuwa nchi ya mfalme mmoja. Zilikuwapo falme nyingi ndogo, na wafalme wake walipigana daima. Kaskazini ulikuwako ufalme wa Northumbria, wenye pwani ndefu ya bahari ya baridi. Ili tupate kupima wakati, tukumbuke kwamba katika mwaka wa Hijra, yaani 622, Hilda alikuwa mtoto wa miaka minane. Na katika karne hiyohiyo ya 7 watu walikuwa wamekwisha kukaa hapa Pemba, huko Tumbe upande wa kaskazini; wachimbuzi wa mambo ya kale wamevikuta vyungu vyao, na vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo.

Hilda alikuwa wa ukoo wa kifalme. Baba yake, Hereric, alikuwa mtoto wa ndugu yake mfalme Edwin. Lakini ufalme haukumfaa kitu, kwani alikuwa mkimbizi katika nchi ya mfalme mwingine, na huko akatiliwa sumu akafa. Bede asimulia kwamba mama yake, Breguswith, aliota ndoto Hilda alipokuwa mtoto mchanga. Aliota kwamba mumewe ametoweka ghafula, naye anamtafuta kila mahali asimwone. Hata alipokuwa akitafuta, akakuta chini ya nguo zake kidani cha thamani kubwa. Akakitazama, nacho kikatoa nuru iliyoenea Uingereza yote. Mume hakuonekana tena, lakini kidani ndicho yule mtoto.

Mwaka 627, siku ya Pasaka, mfalme Edwin alibatizwa katika mji wa York na Askofu Paulinus, aliyetoka kwa wale waliotumwa kutoka Roma. Pamoja naye walibatizwa watu wengi wa nyumba yake, na mmoja wao alikuwa Hilda, msichana wa miaka 13. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 633 Edwin aliuawa vitani. Paulinus akamchukua malkia, wakapanda chombo na kukimbilia kusini. Wengi waliobatizwa wakarudi katika mambo yao ya kale. Kanisa la Northumbria likaonekana kama moto uliozimika.

Mfalme mpya, Oswald, alikuwa amelelewa na watawa wa kisiwa cha Iona, pwani ya Uskoti. Akapeleka habari kwao aletewe askofu. Wa kwanza waliyemtuma alikuwa mtu mkali. Akarudi upesi, akasema kwamba watu wale ni wagumu, hawafundishiki. Walipokuwa wakifanya shauri, mtawa mmoja, jina lake Aidan, akamwambia kwa upole kwamba labda aliwapa watu wachanga chakula kigumu, naye angaliwapa maziwa kwanza. Wote wakamgeukia Aidan, wakaona kwamba ndiye anayefaa. Akaenda mwaka 635, akakaa katika kisiwa cha Lindisfarne, ambacho maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu, na yakijaa ni kisiwa kabisa. Kwa kuwa hakuijua vema lugha ya wenyeji, mfalme mwenyewe alisimama kando yake akawa mfasiri: askofu akihubiri, mfalme akifasiri. Walimu na wamwone vema Aidan huyu, kwani ndiye aliyemfundisha Hilda.

II. WITO WAKE

Hilda aliishi miaka 66, na Bede ameigawa sawasawa: miaka 33 ya kwanza aliishi kama watu wengine, na miaka 33 ya mwisho akamtumikia Mungu katika utawa. Alipoamua kuwa mtawa alikusudia kuiacha nchi yake kabisa, avuke bahari aende Ufaransa, afuate mfano wa dada yake Hereswith. Akaenda ufalme wa mashariki, akakaa mwaka mmoja akingoja safari. Lakini Aidan akamwita arudi. Hakumwita kwa nyumba kubwa wala cheo. Alimpa kipande kidogo cha ardhi, kadiri ya kuwalisha watu wa nyumba moja, kando ya mto Wear. Huko akaishi mwaka mmoja pamoja na wenzake wachache.

Halafu akafanywa Mama Mkuu wa watawa wa Hartlepool, na mwaka 657 akaanza kujenga nyumba ya Streanaeshalch, mahali paitwapo leo Whitby, juu ya jabali refu linalotazama bahari. Mfalme Oswiu alikuwa ameweka nadhiri kwamba, Mungu akimpa ushindi juu ya adui yake Penda, atamtoa binti yake awe mtawa, pamoja na mashamba 12 ya kujengea nyumba za utawa. Akashinda mwaka 655, akaitimiza nadhiri yake. Binti huyo, Aelfflaed, alikuwa hajapata kuwa na umri zaidi ya mwaka mmoja. Mwanamke aliyekabidhiwa kumlea alikuwa Hilda, naye mtoto alikulia mikononi mwake, hata mwisho akashika mahali pake.

III. NYUMBA YA WHITBY

Msomaji asidhani kwamba nyumba ya Whitby ilikuwa ya wanawake peke yao. Zamani hizo zilikuwapo nyumba za utawa ambamo wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, wakasali katika Kanisa moja, na mkubwa wao wote alikuwa mwanamke. Ndivyo ilivyokuwa Whitby. Mapadre, wanafunzi, wachungaji wa mifugo na watawa, wote walikuwa chini ya Hilda.

Sheria yake ilikuwa haki, ibada na usafi wa maisha, na kupita yote, amani na upendo. Kwa mfano wa Wakristo wa kwanza, hapakuwa na tajiri wala maskini. Mali yote ilikuwa ya wote. Wachimbuzi waliopachimba mahali pale wameona vijiti vya kuandikia, vitana, na mawe ya kufumia nguo: dalili ya nyumba ambamo watu walisoma na kuandika, wakafanya na kazi za mikono. Wafalme walimwendea kutaka shauri, na watu wanyonge vilevile. Wote waliomjua walimwita Mama.

Alikaza wanafunzi wake wasome Maandiko Matakatifu na watende mema, hata katika nyumba ile wakatoka watu watano waliokuwa maaskofu: Bosa, Aetla, Oftfor, John, na Wilfrid, ambaye si yule Wilfrid mashuhuri tutakayemtaja baadaye. Maaskofu watano kutoka nyumba moja! Lakini mimi sitaki kusifu hesabu yao. Nataka tuone mmoja wao alivyofanya kazi.

John, ambaye watu humwita wa Beverley, alikuwa askofu wa Hexham kisha wa York. Bede asimulia kwamba siku za Kwaresima John alikwenda mahali pa faragha kusali, akaagiza aletewe maskini mmoja wa kumhudumia. Akaletwa kijana bubu, asiyeweza kutamka hata neno moja, mwenye upele kichwani hata nywele hazikuota. Askofu akamjengea kibanda karibu naye. Siku moja akamwita, akamfanyia alama ya msalaba ulimini, akamwambia atamke neno dogo la kukubali, kama sisi tusemavyo "naam." Kijana akatamka. Kisha askofu akamtajia herufi moja, naye akaifuata. Halafu ya pili, na ya tatu. Kutoka herufi wakaenda silabi, kutoka silabi maneno, kutoka maneno sentensi. Mchana ule wote na usiku, kijana hakunyamaza kusema kwa furaha. Askofu hakuishia hapo, akamwita mganga amtibu kichwa.

Kila mwalimu wa darasa la kwanza ajua kazi hii: herufi, silabi, neno. Askofu mkubwa hakuona aibu kuifanya kwa maskini mwenye upele. Na yeye mwenyewe alifundishwa katika nyumba ya nani? Ya Hilda.

IV. MCHUNGA NG'OMBE

Sasa nimefika katika habari niliyoitaja mwanzo. Katika mashamba ya Whitby alikuwako mtu mmoja, jina lake Caedmon, mtu mzima, mtunza ng'ombe. Desturi ya watu wale katika karamu ilikuwa kupokezana kinubi, na kila aliyefikiwa akaimba. Caedmon hakujua kuimba. Basi kila alipoona kinubi kinamkaribia, aliinuka katikati ya karamu akaenda zake nyumbani.

Usiku mmoja alitoka hivyo kwenye karamu, akaenda zizini, maana ilikuwa zamu yake ya kulinda ng'ombe, akalala huko. Katika ndoto mtu akamsimamia, akamwita kwa jina lake na kumwambia aimbe. Akajibu kwamba hajui, na kwamba ndiyo sababu ameikimbia karamu. Mtu yule akasisitiza. Akamwambia aimbe habari za mwanzo wa viumbe. Mara Caedmon akaimba maneno ya kumsifu Muumba, ambayo hakupata kuyasikia kabla. Alipoamka aliyakumbuka yote, akaongeza mengine.

Asubuhi akamwambia msimamizi wa shamba, naye akampeleka kwa Mama Mkuu. Tutulie hapa kidogo. Hilda alikuwa binti wa ukoo wa wafalme, mkubwa wa nyumba yenye wasomi, na aliyesimama mbele yake ni mtumishi atokaye zizini, asiyejua kusoma, mwenye habari ya ndoto. Ingalikuwa rahisi kumcheka. Ingalikuwa rahisi pia kumwamini upesi bila kupima, na hilo nalo si heshima. Hilda hakufanya moja wala jingine. Aliwaita watu wenye elimu, akamwambia Caedmon asimulie ndoto yake na kuimba utenzi wake mbele yao, ili wote wapime. Wakaona kwamba ni kipawa cha Mungu. Kisha wakamwelezea kifungu cha Maandiko, wakamwambia akifanye utenzi kama aweza. Akaenda, kesho yake asubuhi akarudi, na utenzi mzuri tayari.

Ndipo Hilda akamwingiza katika utawa, akaamuru afundishwe habari zote takatifu tangu mwanzo. Caedmon alisikiliza, akayatafakari moyoni. Bede amemfananisha na mnyama acheuaye, alaye kisha akatulia akatafuna tena. Akatunga juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, kutoka kwa Waisraeli katika Misri, kuzaliwa na mateso na kufufuka kwa Bwana wetu, na hukumu ya mwisho. Na walimu wake wakawa wanafunzi wake, wakikaa kumsikiliza.

Tena aliimba kwa lugha gani? Si Kilatini, lugha ya wasomi. Aliimba kwa lugha ya zizini na jikoni, lugha ya watu wake. Utenzi wake wa kwanza umo katika tenzi za Kiingereza zilizo kongwe kabisa. Kama Hilda angalimfukuza mlangoni, usingalikuwako.

Sisi wa visiwa hivi tunapaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Pemba ni nchi ya malenga. Nani hajasikia jina la Kamange na la Sarahani? Na Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, alipofika Unguja, hakuanza kwa kuwafundisha watu lugha yake. Alikaa kusikiliza yao. Mwaka 1870 akapiga chapa kitabu cha hadithi alizozisikia kwa wenyeji wa Unguja, na kwa masikio yaliyozoezwa hivyo akafasiri Maandiko katika Kiswahili. Aliyetaka kufundisha alijifunza kwanza.

V. UGOMVI WA PASAKA

Mwaka 664 nyumba ya Whitby ilipokea mkutano mkubwa. Jambo lenyewe lilikuwa Pasaka: iadhimishwe siku gani? Wageni wa nchi nyingine huenda wakaona ni jambo dogo. Lakini hapa kwetu hakuna asiyejua mambo ya mwandamo wa mwezi, na jinsi inavyochoma moyo watu wa mtaa mmoja kufunga na kufungua siku mbali mbali.

Pasaka hufuata mwezi. Wakristo waliofundishwa na watu wa Ireland waliiadhimisha Jumapili iliyoangukia kati ya siku ya 14 na ya 20 ya mwezi; waliofuata desturi ya Roma, kati ya siku ya 15 na ya 21. Basi siku ya 14 ikiwa Jumapili, hao walisherehekea siku ile, na hawa wakangoja wiki nzima. Tena hesabu zao za miaka zilikuwa mbali: hao walitumia mzunguko wa miaka 84, na hawa wa miaka 19. Mfalme Oswiu alifuata desturi ya Ireland, na malkia Eanflaed, aliyelelewa kusini, desturi ya Roma. Ikatokea mfalme anakula sikukuu ya Pasaka, naye mkewe katika nyumba ileile yu katika Jumapili ya Matawi, angali anafunga.

Upande wa Ireland alisema Askofu Colman wa Lindisfarne. Upande wa Roma alisema Wilfrid, padre kijana mwenye ufasaha. Askofu Cedd akawa mfasiri wa pande zote mbili. Hilda na watu wake walikuwa upande wa Colman, yaani upande wa Aidan, mwalimu wake aliyemrudisha kutoka njia ya Ufaransa. Mwisho mfalme akauliza kama ni kweli kwamba Bwana alimpa Petro funguo za ufalme wa mbinguni. Pande zote mbili wakakubali. Mfalme akasema kwamba hataki kushindana na bawabu yule. Shauri likaisha hivyo.

Colman hakuweza kukubali. Akaondoka na wale waliomfuata, akarudi Iona na kisha Ireland. Hilda alishindwa nyumbani mwake mwenyewe, katika jambo alilolipokea kwa mtu aliyempenda. Bede hakuandika hata neno moja alilolisema siku ile. Lakini twajua alilolifanya: alikaa. Hakuwaacha wanafunzi wake. Mtu asidhani kwamba alinyamaza kwa woga, maana miaka 15 baadaye wajumbe wake walisimama Roma, pamoja na wajumbe wa Askofu Mkuu Theodore, kumpinga Wilfrid huyohuyo katika mambo ya uaskofu wake. Alijua kupinga. Ila alijua pia kutofautisha desturi aliyoipenda na Kanisa alilokabidhiwa. Wangapi miongoni mwetu wameacha kwaya, au darasa la wakatekumeni, au usharika mzima, kwa sababu shauri lao halikufuatwa?

VI. UGONJWA WAKE NA KUFARIKI KWAKE

Miaka sita ya mwisho Hilda alikuwa mgonjwa wa homa isiyomwacha. Hakuacha kumshukuru Mungu, wala hakuacha kuwafundisha watu wake, mmoja mmoja na wote pamoja. Katika mwaka wa saba ugonjwa ukaingia ndani zaidi. Tarehe 17 Novemba, mwaka 680, karibu na mapambazuko, alipokea Ushirika Mtakatifu, akawaita watawa, akawausia washike amani ya Injili baina yao na watu wote. Akiwa bado anausia, akafariki.

Usiku uleule, katika nyumba ya Hackness aliyoijenga mwaka huohuo, mwendo wa maili 13 kutoka Whitby, mtawa mmoja aitwaye Begu alikuwa amelala. Akasikia hewani sauti ya kengele anayoijua, ile iliyokuwa ikiwaita kusali mmoja wao alipofariki. Akafumbua macho, akaona kama dari imefunguka na nuru imejaa, na katika nuru ile roho ya Mama yao ikichukuliwa juu. Akakimbia akilia kwa mkubwa wao, Frigyth, naye akawaamsha wote wakaenda Kanisani kumwombea hata asubuhi. Kulipokucha ndugu wakafika kutoka Whitby kuleta habari, wakakuta habari imewatangulia.

Nyumba yake ilidumu miaka karibu 200, hata Wadenmark walipokuja na merikebu zao, karibu mwaka 867, wakaivunja. Watawa wengine walijenga tena baadaye, na nyumba hiyo nayo ikafungwa mwaka 1539. Leo kuta tupu zasimama juu ya jabali, na upepo wapita madirishani.

VII. MAFUNDISHO KWETU

Kama majengo ndiyo kazi ya mtu, basi kazi ya Hilda imekwisha. Lakini tufuate uzi huu. Aidan alimfundisha Hilda. Hilda alimfundisha John. John alimtia ulimi kijana bubu. Na John huyohuyo ndiye aliyempa Bede ushemasi alipokuwa na miaka 19, na upadre alipokuwa na miaka 30. Na Bede ndiye aliyetuandikia habari hizi zote. Kumbe tunamjua Hilda kwa mkono wa mtu aliyewekewa mikono na mwanafunzi wake.

Dayosisi yetu nayo ina uzi wake. Bibi Caroline Thackeray alifika Unguja mwaka 1877 kuwafundisha wasichana wa Mbweni, ambao wengi wao walitolewa katika majahazi ya watumwa. Akakaa nao hata akafa na kuzikwa papo hapo Mbweni mwaka 1926. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha chama cha masista cha Mateso Matakatifu, wakaenda bara na visiwani kuuguza na kufundisha. Na hapa Pemba, mwisho wa karne ya 19, katika miaka ileile ya amri ya 1897 iliyoondoa haki ya mtu kumdai mtumwa wake kwa sheria, Misheni ilijenga Weti. Wengi waliokuja kusikia neno walikuwa watu wa mashamba ya karafuu, watu ambao hakuna aliyepata kuwauliza wanajua nini. Wazee wa usharika wetu wametoka kwa watu hao. Tusiwe wepesi kusahau mlango ulivyofunguliwa kwa ajili yetu.

Basi swali la mwanzo, Hilda ana nini na sisi, jibu lake ni hili. Katika kila darasa na kila usharika yupo mtu ambaye kinubi kikimkaribia huinuka akatoka. Nyinyi walimu mwamjua. Huketi nyuma, karibu na mlango. Hilda asingalimpata Caedmon kama msimamizi wa shamba asingalimleta, na msimamizi asingalimleta kama asingalijua kwamba Mama Mkuu husikiliza. Kwa hiyo kazi hii si ya mkubwa peke yake. Ni ya mwalimu, ni ya mzee wa Kanisa, ni ya mama aliyekaa kibarazani akaona mtoto wa jirani haendi skuli.

Siku ile tulipofika Makoongwe, nilingoja abiria wengine washuke. Nikamwambia yule nahodha kwamba nilimkosea alipokuwa mtoto, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Maalim, yamekwisha zamani." Halafu nikamwomba anifundishe hesabu ya maji. Akanitazama kuona kama nafanya mzaha; alipoona sivyo, akaokota kijiti, akaketi juu ya ukingo wa mashua, akaanza kunichorea mchangani siku za mwezi, moja moja, kama nilivyokuwa nikiandika herufi ubaoni. Nilikosea mara mbili, naye hakunicheka.

Mwenyezi Mungu, aliyemtia Mtumishi wake Hilda moyo wa kusikiliza, atujalie sisi nasi katika mwaka huu wa jubilei masikio kama yake. Amina.